Kununua fleti ya zamani pembezoni mwa miji ya Japani ili kuipangisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu fleti za zege zenye umiliki wa sehemu (kila mtu na fleti yake ndani ya jengo la pamoja), zile Wajapani wanazoziita *manshon*, zilizojengwa kati ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, nje ya katikati ya Tokyo, Osaka na Nagoya. Nyumba za mbao zilizotelekezwa vijijini ni habari nyingine kabisa na hazimo humu. Wengi wanaouliza ni ndugu zetu walioko Japani kwa kazi, masomo au biashara ya magari. Wengine wako Nairobi au Dar es Salaam, wameona tangazo la fleti kwa yeni milioni 4 wakadhani wamesoma vibaya. Hawakusoma vibaya.

## Mambo ya mwanzo

Mgeni anaruhusiwa kumiliki fleti Japani?

Anaruhusiwa, na haki yake ya umiliki ni ile ile ya Mjapani. Uraia na viza si kikwazo, na si lazima aishi nchini. Hati ya fleti huambatana na hisa yako katika ardhi iliyo chini ya jengo, na umiliki huo hauna ukomo wa miaka kama hati za miaka 99 tulizozizoea kwetu. Angalia tu tangazo lisiwe na neno *shakuchiken*. Likiwepo, ardhi ni ya kukodi, utailipia kila mwezi, na hapo ndipo ilipotoka ile bei ndogo.

Asiyeishi Japani akinunua kwa uwekezaji hutakiwa kutoa taarifa kwa Waziri wa Fedha, kupitia Benki Kuu ya Japani, ndani ya siku 20. Hiyo ni taarifa, si maombi ya kibali. Tangu Aprili 2024 rejista ya ardhi pia huandika mtu au kampuni iliyo Japani ya kuwasiliana nayo kwa niaba ya mmiliki aliye ng'ambo.

Nikinunua nitapata viza?

Hapana. Hata ukinunua kumi.

Kwa nini bei ni ndogo hivi?

Miji ya pembezoni ilijengwa haraka wakati watu wakimiminika mijini. Senri, kaskazini mwa Osaka, ilipokea wakazi wa kwanza mwaka 1962. Tama, magharibi mwa Tokyo, mwaka 1971. Familia zilizohamia wakati ule zimezeeka pamoja na majengo, watoto wamekwenda zao, na idadi ya watu wa Japani imekuwa ikishuka tangu ilipofika kilele mwaka 2008. Uchunguzi wa kitaifa wa nyumba wa 2023 ulikuta nyumba milioni 9 hazina watu, yaani 13.8% ya nyumba zote.

Tena fleti tupu haiachi kudai. Ada za kila mwezi na kodi ya jengo huendelea, kuna mpangaji au hakuna, ndiyo maana muuzaji mara nyingi ni mrithi aliyechoka kulipia nyumba asiyoikalia. Anayeuza anajua anachokikimbia. Kazi yako ni kukijua kabla hujatia saini.

Nitajuaje kama eneo lina wapangaji?

Anza na kituo cha treni. Matangazo ya Japani huhesabu mita 80 kwa kila dakika ya mguu, kwa hiyo "dakika 10" ni mita 800, bila kuhesabu kilima wala kusubiri taa za barabarani. Tama ina vilima vya kutosha. Nenda mwenyewe kwa miguu, ukiweza usiku. Fleti inayohitaji basi kutoka kituoni ina soko dogo zaidi la wapangaji, na ningeiacha isipokuwa kuna sababu nzito.

Jambo la pili ni kutotegemea mwajiri au chuo kimoja. Chuo Kikuu cha Chuo (ndiyo, jina lake ndilo hilo) kilihamisha kitivo chake cha sheria kutoka Tama hadi katikati ya Tokyo mwezi Aprili 2023. Wenye vyumba vya wanafunzi jirani na kampasi ile walibaki na vyumba vyao na wapangaji wachache wa kuwagombania.

Kisha uliza manispaa ramani mbili. Moja ni ya mpango wa makazi: tangu 2014 sheria inaziruhusu manispaa kuchora maeneo wanakotaka watu waendelee kuishi, na huduma zitaelekezwa huko. Nyingine ni ya mafuriko na maporomoko. Tangu Agosti 2020 dalali analazimika kukuonyesha jengo lako liko wapi kwenye ramani ya mafuriko, ila atafanya hivyo siku ya mkataba, na hapo umeshachelewa kubadili mawazo kwa raha.

## Jengo lenyewe

Kwa nini kila mtu anataja mwaka 1981?

Kanuni mpya za kuhimili matetemeko zilianza tarehe 1 Juni 1981, baada ya funzo la tetemeko la Miyagi la 1978. Kinachohesabika ni tarehe ya kibali cha ujenzi, wala si ya kukamilika. Jengo lililokamilika 1982 linaweza kuwa la kanuni za zamani, kwa sababu ghorofa kubwa huchukua mwaka na zaidi kujengwa. Omba uthibitisho wa tarehe ya kibali, usitosheke na mwaka ulioandikwa kwenye tangazo.

Tofauti inauma mfukoni hata ardhi isipotikisika: benki nyingi hazikopeshi majengo ya kabla ya hapo, na mnunuzi wako wa kesho atauliza swali hili hili. Katika tetemeko la Kobe la Januari 1995 majengo ya kanuni za zamani ndiyo yaliyoumia zaidi. Hata hivyo, zile block fupi za ghorofa nne au tano zinazobebwa na kuta za zege badala ya nguzo zilisimama vizuri mwaka ule, ingawa ni za zamani. Kwa hiyo la kabla ya 1981 si la kukataa papo hapo. Uliza kama limefanyiwa uchunguzi wa uimara (*taishin shindan*) na matokeo yalisemaje. Jibu la "bado hatujafanya" ni jibu pia.

Ghorofa ya tano bila lifti, ninunue?

Kumbuka Wajapani huhesabu ghorofa ya chini kuwa ya kwanza, kwa hiyo ya tano yao ni ya nne yetu. Bado ni ngazi nyingi kwa mzee au mama mwenye kichanga. Fleti hizo hupangishika kwa vijana kwa bei ya chini, lakini kuuza ni shida. Ya pili au ya tatu inastahili nyongeza ya bei. Kwenye block hizi pia usitarajie lifti itaongezwa: ngazi moja huhudumia fleti mbili kila ghorofa, na gharama ya lifti kwa fleti chache hivyo haina wa kuibeba.

Fleti imekarabatiwa, inang'aa. Kuna cha kuogopa?

Mabomba. Karatasi mpya ya ukutani haisemi lolote kuhusu bomba la chuma la miaka 45. Katika majengo mengi ya zamani bomba la majitaka la bafu lako hupita chini ya sakafu yako, ndani ya dari ya jirani wa chini. Likivuja, maji yanamdondokea yeye, na kulitengeneza ni lazima uingie kwake. Mahakama ya Juu ya Japani iliamua mwaka 2000 kwamba bomba la namna hiyo ni mali ya pamoja ya jengo, kwa hiyo mzigo ni wa umoja wa wamiliki. Lakini hilo halimsaidii mpangaji wako anayesubiri kuoga.

Uliza mabomba ya maji safi na ya majitaka yalibadilishwa lini, yapi yalibadilishwa, na kama fleti yako ilikuwamo. Uliza pia kiwango cha umeme, maana majengo mengine hayaruhusu kuongeza ampea, na mpangaji mwenye kiyoyozi, jiko la umeme na kikausha nywele atazima nyumba nzima kila jioni.

Muuzaji akiwa kampuni ya nyumba, sheria humbana kuwajibika kwa kasoro zilizojificha kwa angalau miaka 2. Akiwa mtu binafsi anayeuza jengo kuukuu, mkataba kwa kawaida humwondolea wajibu huo wote.

Umoja wa wamiliki ni nini, na unanihusu vipi?

Hili ndilo swali lenye pesa, na ndilo linaloulizwa mwisho. Ukinunua fleti unakuwa mwanachama wa *kanri kumiai*, umoja wa wamiliki wote wa jengo, upende usipende. Ni chama ambacho njia pekee ya kujitoa ni kuuza. Umoja ndio unaoamua rangi, paa, lifti, mabomba na maegesho, na kila mwezi unakutoza ada mbili: ya usimamizi na ya akiba ya ukarabati. Fleti nzuri katika umoja uliofilisika ni hasara. Fleti chakavu katika umoja wenye akiba inatengenezeka.

Kabla ya kutoa hata arubuni, mwambie dalali akuletee ripoti ya usimamizi wa jengo, mpango wa ukarabati wa muda mrefu, kanuni za jengo, na mihtasari ya mikutano mikuu ya miaka mitatu hivi. Baadhi hulipiwa. Lipa. Kama hujui Kijapani, mtafute mtu wa kuisoma mihtasari yote, maana ndimo mlimo ugomvi: nani hajalipa, jirani gani analalamikia unyevu, mkandarasi gani alikataliwa kwa kuwa fedha hazikutosha.

Kisha fanya hesabu ya akiba. Mwongozo wa wizara inayosimamia ujenzi, uliorekebishwa 2021, unataja wastani wa yeni 335 kwa mita ya mraba kwa mwezi kwa jengo la chini ya ghorofa 20 lenye eneo la chini ya mita za mraba 5,000. Fleti ya mita 60 ingelipa yeni 20,100. Ukikuta inalipa 6,000, usishangilie. Ama ada itapanda, maana mipango mingi imejengwa juu ya kupandisha hatua kwa hatua, ama siku ya kukarabati mtachangishwa kwa mkupuo. Ukarabati mkubwa wa nje hufanyika kila miaka 12 hadi 15, kwa hiyo uliza wa mwisho ulikuwa lini, na ulilipwa kwa akiba au kwa mkopo.

Deni la mmiliki wa zamani hurithiwa na mnunuzi. Sheria ya umiliki wa sehemu ya mwaka 1962 inaupa umoja haki ya kukudai wewe ada ambazo muuzaji hakulipa. Hakikisha zinakatwa kwenye bei siku ya malipo.

Jengo litabomolewa na kujengwa jipya? Nasikia wengine hupata fleti mpya bure.

Ilitokea. Mfano unaotajwa sana ni mtaa wa Suwa 2-chome, Tama: fleti 640 za mwaka 1971 zilibomolewa, zikajengwa 1,249, na kazi ikaisha 2013. Zile za ziada ziliuzwa na fedha zikagharamia ujenzi. Iliwezekana kwa sababu uwanja ulikuwa mkubwa, kanuni ziliruhusu kujenga zaidi, kituo kilikuwa karibu, na wanunuzi wa fleti za ziada walikuwepo. Hata hivyo mjadala wa wamiliki ulichukua miaka mingi.

Kanuni ya kawaida hudai kura nne kwa tano za wamiliki. Sheria iliyorekebishwa, iliyoanza kutumika 1 Aprili 2026, inashusha hadi tatu kwa nne pale jengo lina kasoro fulani, kama udhaifu mbele ya tetemeko. Kura ni rahisi kuliko pesa. Mwishoni mwa 2023 Japani ilikuwa na fleti zaidi ya milioni 1.3 zenye umri wa miaka 40 na kuendelea, na zilizojengwa upya ni chache mno. Usiweke ndoto hii kwenye hesabu zako.

## Fedha

Tangazo linasema faida ya 11% kwa mwaka. Ni kweli?

Ni kodi ya pango ya mwaka ikigawanywa kwa bei, basi. Chukua mfano wa kubuni: fleti ya yeni milioni 6, pango yeni 55,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 660,000, ndiyo hiyo 11%.

Sasa toa ada mbili za jengo, tuseme 22,000 kwa mwezi, yaani 264,000. Toa 5% ya kampuni inayokusimamia mpangaji: 33,000. Kodi ya jengo na ya mipango miji, 50,000. Bima, 10,000. Zimebaki 303,000. Weka kando 100,000 kwa miezi isiyo na mpangaji, jiko lililokufa na karatasi za ukutani, kwa kuwa uchakavu wa kawaida ni juu ya mwenye nyumba na sheria ya madai imeliandika hilo waziwazi tangu Aprili 2020. Una 203,000. Gawanya kwa milioni 6.6, ukijumlisha gharama za kununua: takribani 3%, kabla ya kodi ya mapato. Bado inaweza kukufaa, lakini hiyo ndiyo nambari ya kuamulia.

Juu ya bei nitalipa nini?

Dalali, kwa fleti inayozidi yeni milioni 4, hupokea hadi 3% ya bei pamoja na yeni 60,000, na juu yake 10% ya kodi ya matumizi. Tangu Julai 2024, kwa nyumba isiyozidi milioni 8 anaweza kudai hadi 330,000 kodi ikiwamo, mkikubaliana mapema. Usajili wa jengo hutozwa 2% ya thamani ya kiserikali, na mwandishi wa sheria anayefanya usajili (*shiho shoshi*) ana ada yake. Miezi kadhaa baadaye, ukiwa umesahau, inakuja bili ya kodi ya kupata nyumba, 3% ya thamani hiyo.

Arubuni huwa 5% hadi 10%. Ukighairi wewe, imeliwa; akighairi muuzaji, anarudisha mara mbili.

Benki itanikopesha?

Ukiwa na makazi ya kudumu na kazi thabiti, huenda, kwa jengo la baada ya 1981. Ukiwa nje ya Japani, hesabu kununua kwa fedha taslimu. Usijaribu kutumia mkopo wa nyumba ya kuishi kununulia fleti ya kupangisha. Benki ikigundua hudai deni lote kwa mara moja.

Kodi ya mapato kwa asiyeishi Japani ikoje?

Pango la fleti iliyo Japani hutozwa kodi Japani, popote ulipo. Mpangaji akiwa kampuni, anapaswa kukukata 20.42% na kuipeleka serikalini. Akiwa mtu anayeishi humo mwenyewe, hakati. Vyovyote vile unateua msimamizi wa kodi aliye Japani na kuwasilisha hesabu kufikia 15 Machi, na kilichokatwa kupita kiasi hurudishwa.

Uchakavu wa kihesabu, yaani sehemu ya thamani ya jengo unayoitoa kila mwaka kwenye mapato yanayotozwa kodi, husaidia. Jengo la zege la makazi lina maisha ya kisheria ya miaka 47. Likishayavuka, thamani ya jengo (ardhi haimo) unaipunguza kwa miaka 9. Fahamu tu kwamba kila unachopunguza leo hushusha gharama yako ya kununulia siku ya kuuza, na faida ya mauzo huonekana kubwa zaidi. Hilo linaendelea kwenye swali la kuuza, chini.

Na thamani ya yeni?

Mwaka 2011 dola moja ilifika karibu na yeni 75. Julai 2024 ilivuka 160. Anayehesabu faida yake kwa shilingi anaweza kupoteza kwenye sarafu mapato ya miaka kadhaa, au kuyapata bila jasho.

## Mpangaji

Fleti inauzwa ikiwa na mpangaji ndani. Ni afadhali?

Unapata pango kuanzia siku ya kwanza, lakini unanunua bila kuingia ndani. Soma mkataba wake, uliza kama analipa kwa wakati na kama kuna kampuni ya dhamana ya kumlipia akishindwa. Amana aliyoweka inakuhusu wewe mmiliki mpya, kwa hiyo ikatwe kwenye bei. Ukikuta pango liko juu kuliko fleti jirani, jiulize akihama utampata nani wa bei hiyo.

Naweza kumtoa nikitaka kuuza?

Kwa mkataba wa kawaida, vigumu. Kutaka kuuza peke yake mahakama haioni kuwa sababu ya haki, na wengi huishia kumlipa mpangaji ahame. Mkataba wa muda maalumu (*teiki shakuya*), ulioruhusiwa tangu 2000, huisha siku yake, ila wapangaji huukwepa au hudai punguzo.

Nipangishe kwa watalii?

Sheria ya Juni 2018 inaruhusu hadi siku 180 kwa mwaka, lakini kanuni za majengo mengi zinakataza kabisa. Kanuni za jengo ndizo zenye neno la mwisho.

Mtu alifia ndani. Nitaambiwa?

Mwongozo wa serikali wa Oktoba 2021 unasema kifo cha kawaida, kama cha uzee au ugonjwa, si lazima kutajwa. Kujiua, mauaji, au maiti iliyokaa hadi chumba kikahitaji usafishaji maalumu hutajwa: kwa mpangaji kwa takribani miaka 3, kwa mnunuzi bila ukomo uliowekwa. Katika majengo yenye wazee wengi wanaoishi peke yao, swali hili liulize kwa maandishi. Na wewe ukiwa mwenye nyumba, bima ya kifo cha upweke ipo, haina gharama kubwa.

## Kusaini, kuuza, kurithisha

Niko Mombasa. Naweza kununua bila kusafiri?

Inawezekana. Badala ya cheti cha muhuri cha Kijapani, unatoa kiapo cha sahihi na anwani mbele ya mthibitishaji wa nchi yako au ubalozi wako Tokyo, pamoja na nakala ya pasipoti, na tafsiri ya Kijapani. Maelezo ya mambo muhimu ya mkataba yanaweza kusomwa kwa video. Lakini kununua jengo la miaka 45 bila mtu wako kulinusa, sikushauri.

Nikiuza nitatozwa nini?

Mkaaji wa Japani hutozwa 39.63% ya faida akiuza ndani ya miaka 5, na 20.315% baada ya hapo. Kwa asiye mkaaji ni 30.63% na 15.315%. Miaka huhesabiwa hadi 1 Januari ya mwaka wa mauzo. Aliyenunua Juni 2021 akauza Julai 2026 amekaa nayo miaka 5 na mwezi, lakini kodi inamwona wa muda mfupi. Mmiliki wa ng'ambo pia hukatwa 10.21% ya bei na mnunuzi, isipokuwa bei haizidi yeni milioni 100 na mnunuzi ni mtu binafsi anayeinunua akaishi mwenyewe au na jamaa yake.

Nisipopata mnunuzi, naweza kuikabidhi serikali?

Hapana. Mpango wa Aprili 2023 wa kurudisha ardhi kwa serikali ni wa ardhi iliyorithiwa, tena isiyo na jengo. Fleti haimo, na umiliki wake hauwezi kutupwa. Utashusha bei hadi mtu akubali, na ada zitakudai hadi siku hiyo. Ndiyo maana swali la mnunuzi wa kesho limejitokeza mara nyingi hapo juu.

Nikifariki, watoto walioko Tanzania watafanyaje?

Japani hufuata sheria ya mirathi ya nchi ya marehemu, kwa hiyo msajili atataka nyaraka za kwetu zinazoonyesha warithi, zote zikiwa na tafsiri ya Kijapani. Tangu 1 Aprili 2024 warithi wana miaka 3 tangu wajue wamerithi kusajili, na adhabu ni hadi yeni 100,000. Kodi ya mirathi haigusi mali ya jumla isiyozidi yeni milioni 30 na nyongeza ya milioni 6 kwa kila mrithi wa kisheria, hivyo fleti moja ya aina hii kwa kawaida hupita. Ikiwa kiwango hicho kimevukwa, hesabu huwasilishwa ndani ya miezi 10. Ada za jengo hazisubiri mirathi, na akaunti ya benki ya marehemu hufungwa, kwa hiyo waachie jina la kampuni inayosimamia jengo na la msimamizi wako wa kodi.